Kisiki kwanza, ndege baadaye: kupiga picha za ndege wa majini kwa karibu, Duluti na Momella

Siku ya kwanza nilipokwenda Ziwa Duluti na lenzi ndefu nilirudi Moshi na picha zaidi ya mia sita, karibu zote za mkia. Kila nilipomwona ndege nilimwonyesha mpiga kasia kwa kidole, tukaenda, na tulipofika ndege alishahamia ng'ambo. Tukamfuata ng'ambo. Tulizunguka hivyo mpaka jua likawa utosini. Yule mzee akanyamaza kitambo, kisha akaweka kasia mapajani akasema, "Mwanangu, hawa huwawezi kwa mbio. Chagua kisiki, tukae."

Nilidhani amechoka. Huenda kweli alikuwa amechoka. Lakini tulikaa, na baada ya kama dakika ishirini mbizi, yule ndege mzamiaji wa shingo ndefu, alipanda kwenye gogo mbele yetu, akatandaza mabawa, akaanza kujikausha kana kwamba hatupo. Nilichojifunza asubuhi ile, pamoja na makosa mengi ya baadaye, ndicho ninachokiandika hapa.

Kwa nini kisiki

Ndege wa majini ni wa mazoea. Manyoya ya mbizi na ya mnandi, mzamiaji mwenzake mweusi, hulowana maji, tofauti na ya bata ambayo maji huteleza juu yake. Kulowana huko kunawasaidia kuzama na kumfukuza samaki chini, ila wakitoka lazima wajianike. Ndiyo maana unawaona wamesimama na mabawa wazi kama nguo kwenye kamba. Mahali pa kujianika pazuri si pengi: pawe juu ya maji, pawe na jua, pasiwe na majani ya kukwaza mabawa. Wakipapata, hawapaachi.

Mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mabawa juu ya maji kisha anajitupa kama jiwe, naye ana tawi lake. Akishapata samaki harudi popote tu. Anakwenda kwenye mti mgumu, anamshika samaki kwa mkia na kumpigapiga kwenye ule mti mpaka atulie, ndipo anammeza kwa kutanguliza kichwa. Ukilijua tawi lake la kupigia samaki, huna haja ya kumtafuta tena. Atakuletea samaki mbele ya lenzi.

Namna ya kukitambua kisiki chenye kazi ni rahisi: kina madoa meupe ya kinyesi. Chenye madoa mapya, mabichi, ndicho cha leo. Kilichokauka na kupauka kilikuwa cha mwezi uliopita.

Kufika

Duluti ni ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) karibu na Tengeru, upande wa kusini wa barabara kuu ya Arusha na Moshi, na limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukitoka Arusha panda daladala za Usa River, shuka Tengeru, malizia kwa bodaboda. Ukitoka Moshi panda gari lolote la Arusha na umwambie konda mapema, maana wakishapita Usa River wanakuwa na haraka ya kufika mjini. Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru. Mimi Jumamosi siendi tena: niliwahi kusafiri na mguu wa tripodi umechomekwa kati ya mikungu miwili ya ndizi, na mama mwenye ndizi alinisema tangu nilipopanda mpaka niliposhuka. Alikuwa na haki.

Kiingilio na mtumbwi hulipwa tofauti, na malipo ya serikali siku hizi ni kwa kumbukumbu namba (control number), kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Panga na mpiga kasia tangu jana yake. Mwambie wazi kwamba hutaki kuzungushwa ziwa, unataka kukaa sehemu moja kwa muda wa saa mbili au tatu. Mkubaliane bei ya saa hizo kabla hujaingia, kwa sababu bei ya kawaida ni ya mtu anayezunguka na kuondoka.

Nenda mapema. Huku kwetu, nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, jua hupanda haraka sana. Mwanga laini wa asubuhi haudumu zaidi ya dakika tisini. Tena Duluti iko ndani ya shimo lenye miti mirefu pembeni, kwa hiyo jua linachelewa kugusa maji, na likishagusa halikai laini muda mrefu. Saa 4 asubuhi mimi nimeshafunga begi. Zaidi ya hapo hewa juu ya maji inaanza kucheza kwa joto, na picha ya ndege aliye mbali inatoka kama umeipiga kupitia mvuke wa chai, hata lenzi iwe ya bei gani.

Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi zaidi. Juni hadi Agosti asubuhi nyingi ni mawingu mazito na baridi. Watu wengi huikimbia miezi hiyo, mimi naipenda kwa ndege weupe: yangeyange chini ya wingu hutoa kila unyoya, lakini chini ya jua kali anageuka kuwa karatasi. Masika, Machi hadi Mei, ni ya kubahatisha.

Vifaa, kwa ukweli

Nitasema hesabu moja tu, ili usidanganywe dukani. Yule mdiria ana urefu wa kama sentimita 25. Ukiwa na lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha; hapa ni ile ya APS-C), na uko mita 8 kutoka kwake, upana wa picha yako ni karibu nusu mita. Ndege anachukua nusu ya picha. Ukiwa mita 16 anabaki robo. Kwa hiyo kupunguza umbali kwa nusu ni sawa na kubadilisha lenzi ya 400 kwa ya 800, na hakuna anayekudai hela kwa kusogea. Lenzi ya 300 inatosha kwa kuanzia kama utakaa vizuri. Zile za kuvuta za 150 hadi 600 ni nzuri, lakini ni nzito, na ndani ya mtumbwi mkono unachoka.

Tripodi iache nyumbani. Mtumbwi unacheza, na miguu mitatu inacheza nao. Chukua kifuko cha kitambaa kigumu, kijaze nusu tu kwa maharage au mchele, kishone mdomo. Kiweke ukingoni mwa mtumbwi, laza lenzi juu yake. Kifuko hichohicho kitakufaa dirishani mwa gari ukienda maziwa ya Momella.

Vingine: mfuko mkubwa wa plastiki mgumu wa kufunika begi, taulo dogo, memori kadi mbili, betri ya akiba, kofia isiyo nyeupe. Vaa nguo za rangi tulivu, kijani kibichi au kahawia. Na jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa kama mto. Kamba ya kamera ivuke shingo na bega moja, maana kamera ikitumbukia ziwa la kreta huifuati.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Simu ukiibana vizuri kwenye jicho moja la darubini ya mkono, huku darubini imelala kwenye kifuko, inaweza kutoa picha nzuri ya mnandi aliyetulia. Ya ndege anayeruka, sahau.

Kukaa sawasawa

Ukishakiona kisiki, usiende moja kwa moja. Simama mbali, angalia vitu vitatu: jua liko wapi, upepo unatoka wapi, na nyuma ya kisiki kuna nini.

Jua liwe mgongoni. Kipimo changu ni kivuli: kivuli chako kikielekea kwa ndege, umekaa vizuri. Asubuhi maana yake mtumbwi uwe mashariki ya kisiki. Kama kisiki kiko ukingo wa mashariki wenyewe, chini ya miti, kiache hadi jioni au utafute kingine.

Upepo nao ukiweza uwe mgongoni. Ndege huruka na kutua akiuelekea upepo, kwa hiyo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, atakaporuka atakuja na uso upande wako. Hapa ndipo nilipopata jibu la ile mikia mia sita: siku ile upepo ulikuwa unatupiga usoni asubuhi nzima.

Nyuma ya kisiki patafutwe pawe mbali na pawe pa namna moja: ukuta wa majani ulio mita thelathini nyuma, au maji matupu. Kichaka kilicho nusu mita nyuma ya ndege kitaingia kwenye picha kama fujo, matawi yanamtoka kichwani. Ukisogea mita mbili tu kushoto au kulia, nyuma yote inabadilika. Fanya hivyo kabla ndege hajaja, kwa sababu akishakuja hutasogea.

Halafu shuka. Usipige ukiwa umekaa wima kwenye ubao. Keti chini kabisa kwenye sakafu ya mtumbwi, lenzi iwe karibu iguse ukingo. Jicho lako likiwa usawa mmoja na jicho la ndege, picha inabadilika tabia: maji yanakuwa ukanda laini, na ndege anasimama mbele yako kama mtu. Suruali italowa. Vaa ya kazi.

Kumsogelea aliyekwisha tua

Wakati mwingine ndege tayari yuko kisikini. Hapo kazi ni ya mpiga kasia kuliko yako. Mwombe aende mshazari kana kwamba anampita ndege, si kumlenga. Asogee kidogo, aache mtumbwi uelee wenyewe, ahesabu hadi sitini, asogee tena. Kasia lisigonge ubavu wa mtumbwi. Mlio ule wa "ko!" wa mbao unavuka ziwa lote. Mzee wangu alikuwa ameviringisha kipande cha tairi la baiskeli kwenye mpini wa kasia kwa ajili hiyo tu.

Soma mwili wa ndege. Mnandi aliyetulia shingo yake ina kunjo, na mabawa yamelegea. Akifunga mabawa ghafla, akanyoosha shingo, akaanza kugeuzageuza kichwa, umefika mwisho wako. Simama hapo. Akiinama mbele na kunya, amekwishaamua, kidole kiwe kwenye kitufe. Ukirudi nyuma mita mbili mara tu aliponyoosha shingo, mara nyingi analegea tena, na safari ya pili atakuruhusu karibu zaidi. Piga picha chache ukiwa mbali, uendelee kupiga kila unaposogea, ili mlio wa kamera aujue mapema.

Mimi na yule mzee hatukubaliani jina la mnandi hadi leo. Yeye anamwita bata mweusi. Nimeeleza, nimechora, nimemwonyesha kidomo chenye ncha ya kulabu. "Sawa," anasema, "lakini anaogelea."

Mipangilio ya kamera

Kwa ndege aliyetulia, ukiwa mtumbwini, kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Nchi kavu ungeweza kwenda 1/250, lakini maji hayatulii. Kwa mnandi anayeruka weka 1/1600, kwa mdiria anayejitupa 1/2500 au zaidi. Tundu la lenzi liache f/5.6 au f/6.3. Ukiwa mita 8 na milimita 400, kwenye f/5.6 eneo lililo kali ni kama sentimita 9 tu. Ndio sababu mbizi akikaa mshazari, kichwa kinatoka kali na mkia unafifia. Hakuna ubaya, mradi kilicho kali ni jicho. Akikaa ubavu kabisa, atatoka mzima. Kamera yako ikiwa na fokasi inayotambua jicho la mnyama, iwashe. Kama haina, tumia nukta moja ya fokasi na uiweke kichwani, si kifuani, kwa hali ya kufuatilia kitu kinachotembea.

ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiiogope. Alfajiri chini ya miti utafika 3200, hata 6400. Chenga kidogo, zile nuktanukta kwenye picha, zinasafishika, ukungu wa mtikisiko hausafishiki.

Mwanga ndio unaosumbua watu zaidi. Kamera haijui mnandi ni mweusi wala yangeyange ni mweupe, inataka picha nzima iwe ya kijivu cha wastani. Yangeyange mdogo mbele ya miti yenye giza, kamera inaongeza mwanga kwa ajili ya miti, ndege anaungua. Punguza mwanga kwa hatua moja, yaani kwa nusu. Mnandi mbele ya maji yanayong'aa, kamera inapunguza, ndege anakuwa kivuli. Ongeza theluthi mbili hadi hatua moja. Lakini ukikaa kwenye kisiki kimoja na mwanga haubadiliki, kuna njia bora: weka kila kitu kwa mkono, ISO pia. Piga picha ya majaribio ya kisiki kitupu, kisha ya yangeyange wa kwanza atakayepita, angalia kama weupe wake una alama za manyoya. Ukiona manyoya, usiguse tena chochote. Ndege akiruka kutoka kwenye miti yenye giza hadi kwenye maji yanayong'aa, mwanga unaompiga ni uleule, na picha zote zitatoka sawa. Jua likiingia wingu, rudia.

Piga RAW, yaani faili ghafi la picha, kama kamera inaruhusu. Na usishike kitufe mfululizo tangu ndege alipotua. Nilijaza kadi hivyo na mbizi aliyekaa bila kutikisika, na alipoibuka safari iliyofuata na samaki amemtoboa kwa mdomo kama mshikaki, kamera yangu ilikuwa bado inahifadhi picha za awali. Akamrusha yule samaki juu, akamdaka kwa kutanguliza kichwa cha samaki, akammeza. Niliangalia kwa macho tu.

Viota

Hapa sina mzaha. Ndege aliye kwenye kiota usimsogelee hata akionekana mpole. Akiondoka dakika chache, kunguru na kenge wanajua. Yule anayetaga chini kwenye mchanga, jua lenyewe linatosha kuua yai. Ukiona ndege anazunguka juu yako akipiga kelele, au amebeba samaki mdomoni na hatui, umekaa kati yake na watoto. Ondoka. Pia usikate tawi "ili nyuma pawe safi", wala usimrushie furukombe, yule tai mla samaki, samaki ili ashuke. Wapo wanaofanya, na picha zao nazitambua: zote zinafanana.

Momella ni mchezo mwingine

Maziwa ya Momella yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unakata kona karibu na Usa River. Mengi ni ya magadi, ndiyo maana heroe (flamingo) wako pale: wanachuja mwani mdogo wa maji ya magadi, kichwa chini, mdomo umepinduliwa. Kuzaliana wanakwenda kwingine, hasa Ziwa Natron.

Hapa kisiki chako ni gari. Kuna nyati, kuna viboko, na kushuka nje ya sehemu zilizoruhusiwa hairuhusiwi. Safari ya mtumbwi kwenye Momella Ndogo ipo, inakwenda na askari. Mimi napendelea barabara ya ukingoni: simamisha gari mbele ya mwelekeo wa kundi, zima injini, weka kifuko cha maharage dirishani, subiri. Kundi linakula huku linatembea polepole, na likikuzoea litapita mbele yako. Zima injini kweli, mtetemo wake unaingia kwenye lenzi. Usipige honi wala kugonga mlango ili waruke. Heroe hukimbia juu ya maji kabla ya kupaa, inamgharimu nguvu, na ukisubiri ataruka mwenyewe. Droni usiibebe bila vibali, vya hifadhi na vya mamlaka ya anga.

Ukishuka pwani

Watu wa bara tukifika Dar tunakimbilia buabua na shakwe, ndege wa baharini, kwenye mafungu ya mchanga, na tunawakurupusha wote kwa mguu wa kwanza. Kanuni ni ileile, ila badala ya kisiki una fungu, na badala ya mpiga kasia una maji kujaa. Tafuta ratiba ya maji. Fika maji yakiwa nusu yanajaa, lala kifudifudi upande wa juu wa fungu, jua mgongoni, na usitikisike. Maji yakipanda sehemu kavu inapungua, na ndege wenyewe wanasogezwa kuja kwako hatua kwa hatua. Siku za maji mafu, yasiyopanda sana, ni rahisi zaidi. Siku za bamvua, maji yanapopanda sana, fungu lote linaweza kuzama, kwa hiyo nahodha asipeleke boti mbali, ili uwe na njia ya kutoka.

Chumvi ni adui wa pili. Usibadilishe lenzi ukiwa kwenye fungu hata kidogo. Ukirudi, kabla hujaagiza chakula, futa kamera yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu, na kioo cha mbele kipulizwe mchanga kwanza kabla ya kufutwa. Kifuko cha maharage kimwage, kikaushe. Cha kwangu niliwahi kukisahau begini wiki nzima baada ya kulowa, na kilipofunguliwa Moshi maharage yalikuwa yameota.